Salamanda wa Dimbwi Linalokauka

Salamanda jike hutaga yai moja moja. Hamwagi mayai yote kwa pamoja kama chura akaenda zake. Huchagua jani la mmea ulioota majini, akalinusa, akalishika kwa miguu ya nyuma na kulikunja juu ya yai kama mtu anavyokunja sambusa, kisha hulibana mpaka likashikana. Halafu huenda kwenye jani jingine. Nilimwona mmoja akifanya hivyo asubuhi ya mwezi wa nne, nimelala kifudifudi juu ya mfuko wa plastiki, pua yangu karibu iguse maji, nikajikuta nalia. Si kwa uzuri wa jambo lenyewe. Nililia kwa sababu hakuna jani hata moja alilolirudia kulikagua.

Mimi hurudia kila kitu. Nikifunga mlango narudi kuugusa. Nikituma barua ya kazi naifungua tena na kuisoma kama imeandikwa na mtu anayenitakia mabaya. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya insha moja ambayo sikuweza kuikabidhi; kila nilipoimaliza niliona sentensi moja inanicheka, na nikiiondoa hiyo, jirani yake anaanza. Sasa nafanya kazi chumbani kwangu, katika fleti ninayoishi na mama yangu huko Kingsbury, London, najibu malalamiko ya wapangaji kwa niaba ya kampuni ya matengenezo ya nyumba. Bomba linavuja, ukuta una ukungu, lifti imekufa. Kutwa nzima nawaambia pole watu nisiowajua. Mama anaiita hali yangu wasiwasi, na yeye akisema wasiwasi hakusudii kile wanachokusudia madaktari wa hapa. Anamkusudia yule mnong'onezaji anayekaa kifuani mwa mtu, ambaye kazi yake ni kumharibia hata sala.

Wachache wanaojua huniuliza msichana wa Kiunguja ameingiaje kwenye mambo ya kulala matopeni akitazama wadudu. Si wadudu, nawaambia. Na sikuingia, niliangukia. Majira ya baridi baada ya kuacha chuo nilikuwa natembea ili nisikae nyumbani na uso wa mama, nikafika kwenye msitu mdogo ulio nyuma ya nyumba za mlimani, msitu wa mialoni mizee ambao ukisimama katikati yake bado unasikia magari. Nilijikwaa kwenye gogo likabingirika. Chini yake alikuwepo mnyama wa rangi ya udongo, mfupi kuliko kidole changu, ametulia kama kitu kilichosahauliwa mfukoni. Nilidhani amekufa. Kisha koo lake likapanda na kushuka, mara moja, taratibu.

Waingereza wana neno lao fupi kwa salamanda hawa wadogo wanaozaliwa madimbwini na kulala chini ya magogo wakati wa baridi. Kwa Kiswahili sikujua jina lao, kwa hiyo mimi nawaita salamanda, na mama anawaita wale wako.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za watu wanaonong'ona misituni, kwa vitabu vya maktaba vyenye picha zilizopauka, na kwa kukosea. Nilipenda kwamba jambo hili lilikuwa na kanuni nyingi. Usimshike bila sababu, na ukilazimika, lowesha mkono kwanza, kwa sababu anapumua kwa ngozi na mkono mkavu humchoma. Gogo ulirudishe lilivyokuwa, ukoga juu, upande wa unyevu chini. Buti zisuguliwe na kupigwa dawa kabla ya kwenda na baada ya kurudi, maana yako maradhi ya ukungu yanayosafiri kwenye nyayo kutoka dimbwi hadi dimbwi na kuua kila kitu chenye ngozi laini. Kwa mtu wa namna yangu hiyo ilikuwa rehema. Mahali popote pengine, kusugua kiatu mpaka vidole vikauke ni ugonjwa. Msituni ni uangalifu.

Nilipomwonyesha mama picha ya kwanza kwenye simu, aliweka kikombe chini.

"Mjusi kafiri huyo."

"Siye, mama. Huyu hana magamba. Tazama ngozi."

"Kafiri akivua nguo ndiyo si kafiri tena?" Alicheka mwenyewe. "Kwetu huyo anapigwa kandambili. Ina thawabu."

"Huku si kwetu."

"Thawabu haiombi viza, mwanangu."

Lakini aliirudisha simu kwa ncha za vidole, kama kitu chenye mafuta, na tangu siku hiyo kila nilipovaa buti alitaka kujua narudi saa ngapi.

Mwaka ninaousimulia, mvua ilikata mapema mwezi wa tano. Mwanzoni watu walifurahi. Majirani walitandika shuka kwenye majani, maduka ya Kigujarati kando ya barabara yalitoa maembe nje, na mama alianika dagaa kwenye kibaraza bila kunung'unikiwa na jirani wa ghorofa ya chini. Mimi nilikuwa natazama dimbwi. Lilikuwa moja tu katika msitu mzima. Nilikuwa nimeuzunguka wote. Halikuwa kubwa, kiasi cha chumba cha kulala, limejibana kati ya mialoni miwili, na maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Nilichomeka kijiti ukingoni pale maji yalipoishia. Niliporudi, kijiti kilikuwa kimesimama kwenye tope. Nikachomeka kingine. Nacho kikaachwa.

Watoto wa salamanda walikuwa wameshatoka kwenye majani yao. Mtoto huzaliwa na matamvua nje ya shingo, kama vinyoya viwili viwili, na kwa hayo hupumua majini. Anahitaji karibu majira yote ya joto ili matamvua yanywee, mapafu yakomae, apande nchi kavu akajifiche. Maji yakiondoka kabla hajawa tayari, anakufa pale pale alipo, na pamoja naye kizazi chote cha mwaka. Basi ndilo lililokuwepo mbele yangu: ama watoto watawahi, ama maji yatawahi. Sikuwa na jambo jingine kichwani. Nilikuwa najibu barua ya mtu ambaye bafu lake limefurika, na moyoni namwonea wivu.

Kufikia mwezi wa sita ukingo wa dimbwi ulikuwa umepasuka vigae vigae, na kunguru walikuwa wanatembea juu ya tope kwa utulivu, kama watu waliofika mapema kwenye maziko. Hawakuruka niliposogea. Walisogea kidogo tu, wakanipisha.

Nikaamua kupeleka maji.

Nililifikiria jambo hilo mpaka likawa halina tena upande mzuri. Maji ya bomba yana dawa inayoua vijidudu, na isipotoka itawadhuru. Nilisoma kwamba yakiachwa wazi kwenye jua dawa huruka. Kwa hiyo niliweka ndoo mbili kwenye kibaraza, nikazifunika kwa kitambaa cha chachi ili mbu wasitagie, na kuziacha zipumue. Asubuhi niliyamimina kwenye madumu, nikayafunga kwenye kigari cha kununulia vitu sokoni, nikapanda nacho basi, kisha nikakivuta hadi msituni juu ya mizizi. Nilipima joto la maji yangu na la dimbwi kwa kile kipimajoto cha kuogeshea watoto wachanga. Niliyanusa. Niliyaangalia kwenye mwanga. Niliyamimina polepole juu ya bamba la gome ili tope lisitibuke. Kitu ambacho sikufanya ni kuyaonja.

Baadaye niliona ndani ya ndoo, pale maji yalipokuwa yamekauka ukingoni, duara jeupe. Nilijiambia ni chokaa. Maji ya London ni magumu. Birika letu lina gamba jeupe ndani ambalo hata siki hailiwezi. Mimi, ninayekagua kila kitu, niliona weupe na nikaupa jina rahisi.

Mama hakusema kitu kuhusu ndoo. Mama ni mtu anayehudumia wazee majumbani mwao. Kazi yake imemfundisha kutazama mtu akifanya mambo yasiyo na maana bila kumkatiza. Lakini Jumapili moja alikuja mama mdogo, ambaye anakaa karibu na Edgware Road na ana dawa ya kila kitu, na nikiwa kwenye ujia nafunga kamba za buti niliwasikia jikoni.

"Anabeba maji kupeleka msituni?"

"Madumu mawili. Kama ana miadi."

"Kwenye dimbwi?"

"Kwenye dimbwi. Analala chini, analitazama. Siku moja nilimfuata mpaka penye miti, nikaogopa kuingia."

Sikujua kama alinifuata. Nilibaki na kamba mkononi.

"Anazungumza nalo?"

"Midomo inacheza."

Ilikuwa kweli. Huwa nawahesabu watoto kwa sauti ndogo, naanza upya kila wakihama.

"Sasa dada, mtoto anapeleka maji penye wenyewe, maji matupu hayana hata bismillahi, na wewe unamnunulia vidonge vya usingizi?"

"Huku nako wapo wenyewe?"

"Penye maji yaliyotuama pana wenyewe, pana mashetani. Unadhani wale wanajua hapa ni London?"

Mama hakucheka. Nilisubiri acheke. Kisha birika likaanza kuvuma, sikusikia zaidi, nami nikatoka nikiwa nimeudhika na, niseme ukweli, nikiwa na ubaridi mgongoni. Kwa sababu lipo jambo ambalo sikumwambia mtu: dimbwi lile, kadiri lilivyopungua, ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba linanitazama.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda kombo majini.

Kwanza konokono. Wale konokono wadogo weusi wanaoishi chini ya majani ya majini, niliwakuta wamepanda juu ya vikonyo, nje ya maji kabisa, wameshikana kama abiria juu ya paa. Kisha mbawakawa wa majini wakatoweka. Kisha mmea ambao jike alikunjia mayai yake ukaanza kuwa wa kahawia kuanzia ncha. Watoto wa salamanda, ambao zamani kivuli changu kikiwagusa walitawanyika kama cheche, sasa walining'inia karibu na uso wa maji wakiwa wamepinda. Nikiweka kivuli, hawakwenda popote. Matamvua yao, yaliyokuwa mapana na mekundu, yalikuwa yamekunjamana.

Niliongeza maji. Ndivyo nilivyofanya: nilipoona wanaumwa, niliongeza safari.

Nilimtafuta wa kulaumiwa na nikampata haraka. Kuna mwanamke mmoja wa makamo anayepita pale na mbwa wake mkubwa wa rangi ya asali, na mbwa huyo hupenda kujitosa. Nilikuwa nimesoma kwamba dawa ya viroboto wanayopakwa mbwa shingoni huingia majini na kuua. Asubuhi moja nilimsimamia njiani, ushungi umejaa majani makavu.

"Mbwa wako anawaua," nilimwambia.

"Anamuua nani, mpenzi?" aliuliza, kwa upole ule unaompa mtu hasira zaidi.

Nikamweleza. Nilieleza kwa urefu, na kila sentensi niliirekebisha katikati. Mwanamke akamfunga mbwa kamba, akasema samahani, hakujua, hatamwachia tena. Hakuwahi kumwachia tena. Na watoto wakaendelea kupinda.

Siku niliyojua ilikuwa ya joto kali mno. Nilikuwa nimechelewa kunywa maji, midomo imenipasuka, na nilipokuwa namimina dumu la pili juu ya gome, tone likanirukia mdomoni. Nikalilamba bila kufikiri. Niliona ni jasho langu. Nikaendelea kumimina. Kisha mkono ukasimama wenyewe.

Nilichovya kidole ndani ya dumu, nikaonja. Nikachovya kwenye dimbwi, nikaonja. Nikakaa juu ya tope lililopasuka, na kunguru mmoja akasogea kunipisha.

Maji ya dimbwi lile yalikuwa na chumvi kama mchuzi.

Jambo ambalo mtu anayejifunza mambo haya hujua mapema kabisa ni kwamba salamanda hawezi chumvi. Ngozi yake ni mlango ulio wazi. Chumvi humnyonya maji yake akiwa ndani ya maji. Na chumvi hairuki na jua. Maji huruka, chumvi hubaki. Dimbwi lilipokuwa linapungua, kila nilichokileta kilikuwa kinazidi kukolea. Mimi ndiye niliyekileta, taratibu, juu ya bamba la gome, nisitibue tope.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amerudi kutoka kazini, ameketi na miguu ndani ya beseni.

"Mama, umetia nini kwenye ndoo zangu?"

"Ndoo zipi?"

"Mama."

"Chumvi." Alijibu kama mtu anayeulizwa kuhusu wali. "Ya mawe. Nimeisomea Ayatul Kursi. Kila unapojaza natia fumba la mkono, alfajiri kabla sijatoka. Nini, imekuwa nini?"

"Inawaua."

"Inamuua nani?"

"Wale wangu. Watoto. Wanapumua kwa ngozi, mama, chumvi inawakausha wakiwa ndani ya maji."

Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akausahau hewani.

"Mimi sikuwatilia wao," alisema. "Nilikutilia wewe."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yamepangwa vizuri, njia nzima kwenye basi nilikuwa nayapanga. Lakini nilipomtazama niliona anaogopa. Si kwamba amekosea, bali kwamba sasa kipo kitu kule msituni ambacho kina haki ya kutudai.

"Iliyosomewa nayo inaua?" aliuliza, polepole.

"Chumvi ni chumvi, mama."

"Wamebaki?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

Hilo ndilo lililomwinua. Alijifuta miguu, akavaa viatu vya kazi, akaenda kufungua kabati la chini ya sinki na kuanza kutoa kila chombo chenye kifuniko: chupa za soda, madumu ya mafuta, birika la safari, hata ile chupa ya maji ya zamzam iliyoisha zamani ambayo hatujawahi kuthubutu kuitupa.

Sikuwa na maji yaliyolala. Nilikuwa na kichupa cha matone ambayo wenye kufuga samaki hutumia kuondoa dawa kwenye maji ya bomba mara moja. Nilikuwa nimekinunua mwanzoni nikakiacha, kwa sababu sikuamini matone ya mtu. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kutoamini. Nilitia kwa kukisia. Mkono wangu haukuwahi kukisia kitu.

Kwenye basi watu walisogea mbali nasi. Mama, amekumbatia birika, akaninong'oneza, "Watadhani tunauza zamzam."

Penye miti alisimama. Nilidhani ataogopa tena. Alirekebisha mtandio, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko mlangoni kwa mtu, "Hodi." Hakuna aliyejibu. Sauti ya magari ilikuwepo, mbali, halafu kwa muda haikuwepo. "Asalaam alaykum," akasema tena. "Tuwieni radhi. Tulikuwa hatujui." Sikumuuliza anamwambia nani. Nilitamani na mimi niseme.

Dimbwi lilikuwa limebaki ukubwa wa misala miwili. Nilimwelekeza: tuchote maji ya chumvi tuyamwage mbali, upande wa mteremko, lakini kila kopo nilipitishe kwenye chujio la chai kwanza, asije akatupwa mtu. Yeye achote, mimi nichuje, kisha tuongeze masafi kidogo kidogo, wasishtuke. Alichota kama anavyoogesha wazee, bila papara, mkono mmoja umeshika ukingo. Watoto walikuja kwenye chujio. Walikuwa weupe, laini, kama nyuzi za tambi zilizoiva mno. Niliwaweka juu ya jani, wakajaa, nikachukua jani jingine.

"Nipe nimwone mmoja," mama alisema.

"Lowesha mkono kwanza."

"Si amekufa?"

"Lowesha tu, mama."

Alilowesha mkono, akageuza kiganja, nikamwekea. Alimtazama kwa muda mrefu, miwani imeteleza puani.

"Ana vidole," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniambia kama wana vidole."

Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa, yeye kabla ya kazi au baada yake. Nilianza kuona, pale upande wa mzizi wa mwaloni ambako maji yalikuwa na kina zaidi, kitu kikijificha kivuli kilipopita. Pengine kimoja, pengine zaidi, nilijikataza kuhesabu. Sikuona vingine. Konokono hawakurudi. Mwisho wa mwezi wa nane mvua ilinyesha kwa fujo, siku nzima, nami nilisimama dirishani Kingsbury nikiitazama ikipiga magari, nikiomba isiishe.

Nilimtafuta yule mwanamke wa mbwa nikamwambia haikuwa dawa ya mbwa wake. Hakuniuliza ilikuwa nini. Nikashukuru kwa namna nisiyoipenda.

Mwezi wa kumi mama ndiye aliyemwona. Alikuwa anakanyaga ukingoni na viatu vyake vya kazi, akageuza kipande cha gome kwa ncha ya kiatu, jambo ambalo nimemkataza, na nikamwona mguu wake ukipanda juu, kama mguu wa mtu aliyekulia katika nyumba yenye mijusi ukutani unavyopanda wenyewe. Ulisimama hapo.

"Huyu ni wako," akauliza, mguu ungali juu, "au ni yule kafiri?"

Alikuwa mdogo kama msumari. Matamvua hana, anapumua kwa koo. Alikuwa hai. Ubavuni alikuwa na alama nyeupe, kama ngozi iliyounguzwa na pasi, na nilipopitisha kivuli juu yake hakukimbia. Salamanda wa afya hukimbia, au angalau huinamisha kichwa. Huyu alitutazama, au alikuwa hana nguvu ya kutazama kwingine. Nilirudisha gome taratibu. Siku zote hizo nilikuwa nimejiambia kwamba nikimwona hata mmoja nitatulia. Nilirudi nyumbani nikasugua buti mpaka brashi ikatoa manyoya.

Sasa ni majira ya kuchipua tena. Dimbwi limejaa mpaka kwenye mizizi, na ukilitazama kwa mbali utasema hakuna kilichotokea. Lakini dimbwi lile halina mkondo wa kutokea. Kilichoingia hakina njia ya kutoka, na mimi najua kiko chini, ndani ya tope. Salamanda wakubwa waliokuwa nchi kavu wakati ule walianza kurejea mwezi wa tatu, maana hurudi kwenye maji wanayoyajua. Nilimwona jike akifika ukingoni, akaweka mikono ndani ya maji, akabaki hivyo. Mama huja nami siku hizi. Husimama penye mti wa mwanzo na pochi yake, anasoma kimoyomoyo, na kabla hatujatoka nyumbani hunionyesha viganja vitupu bila mimi kumwomba.

"Kaingia?" aliuliza.

"Bado."

Jike alirudi nyuma hatua moja. Akanusa. Sijui ni muda gani ulipita.

"Vipi?"

"Kaingia."

Leo asubuhi nimeona jani la kwanza lililokunjwa. Ni jani jipya, la mmea ule ule, limebanwa vizuri katikati. Miaka ya nyuma nilikuwa nafungua moja, moja tu, kujiridhisha. Yai zima lina kiini cha rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, kinachokua. Yai lililokufa huwa jeupe lote, hufanya ukungu. Ukilifungua jani halishikani tena, na yai hubaki wazi kwa kila mwenye mdomo. Nilijua hivyo na nilikuwa nafungua.

Nilikunja mkono wa koti, nikaushusha majini mpaka vidole vikagusa jani.

"Zima?" mama aliuliza kutoka kwenye mti wake.

"Sijui."

"Si ulifungue uone."

Niliutoa mkono. Nikalamba kidole. Kilikuwa na ladha ya chumvi, lakini ngozi ya mtu nayo ina chumvi. Nikalamba kingine, na sikuweza kuamua. Upande wa pili kunguru mmoja alikuwa anatembea ukingoni, taratibu, akitazama majini pale nilipokuwa natazama mimi.

"Twende, mama," nilisema.

Alinishika mkono uliolowa, kama anavyonishika tukivuka barabara, na hakuuachia mpaka kituo cha basi. Nilitaka kurudi kabla hata hatujafika penye lami. Bado nataka.